Makopo ya Felisian Hayarudi Matupu

Lori la Kasanga limeshaacha stendi ya Sumbawanga, linapanda kilima kwa gia ndogo, na Felisian Mbonile anapapasa mzigo wake tena. Amekaa juu ya magunia, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa upepo wa Ufipa. Kati ya miguu yake kuna kiroba cha makopo. Kila moja ni la mtu, na kila moja limejaa.

"Mzee wa makopo, mambo!" anamtania kijana Mayunga, mchuuzi wa dagaa.

"Mambo wape wenzako. Mimi nipe shikamoo yangu."

"Shikamoo. Na kopo langu limo?"

"Marahaba. Limo. Mwambie mama yako ayaloweke maharage kwanza."

Lori zima linacheka. Mama mmoja tu hacheki. Tangu stendi anatazama pembeni, kitenge kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Anaitwa Atuganile, mama Jafeti, mfanyabiashara kutoka Mbeya. Ndiye aliyemshtaki Felisian.

Felisian ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya abiria inayopita Kasanga, Ziwa Tanganyika. Anatandika vitanda, anapeleka chai, anawashika wanaotapika mawimbi yakichafuka. Leo anashuka ziwani asijue kama bado ana kazi.

"Zamani abiria akikupa bakshishi unaangalia huku na huku," anasema. "Ukionekana, umekula rushwa. Siku hizi za ruksa, biashara imefunguliwa, wageni wanakuja, wafanyabiashara wanakuja, kila mtu anatoa. Ila hakuna aliyetufundisha namna ya kutoa, wala ya kupokea."

Basi wahudumu wakajifundisha wenyewe. Anayetoa kabla ya safari, Felisian humwambia asubiri. "Ya mwanzo ni ya kuninunua, nikupe kitanda cha mwenzako. Ya mwisho ndiyo asante." Wazungu huacha chini ya mto. Ni vizuri, anasema, ila wewe unabaki na noti mkononi hujui umetuzwa au mtu kasahau hela yake. "Mwite mtu kwa jina, umpe mkononi. Imekwisha."

Kinachopatikana chote kinaingia sahani moja jikoni, kigawanywe kwa wote. Yule anayesugua mashine kule chini hakuna abiria anayemjua, na bila yeye hakuna anayefika.

Wa daraja la tatu wengi hawana noti. Huacha kopo lenye sukari, chumvi au dagaa. Hata wenye noti huitumbukiza humo isipeperuke. Na hapo ndipo Felisian anapokuwa Mfipa.

"Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu," anasema. "Ukirudisha kitupu, umemwambia tumemalizana."

Mkewe, Kristiana, analima maharage kijijini Pito, na hilo analo moyoni. "Watu wanamtuza mume wangu, anayelipa ni mimi. Bakshishi yake inakula maharage yangu!" Lakini akisema hivyo macho yake yanapanda kwenye paa. Mshahara wa Felisian haufiki shilingi elfu ishirini kwa mwezi, na ada ya binti yao Epifania inaumaliza. "Bati hizi ni za abiria," anakiri. "Mungu awabariki, na maharage yangu tumboni mwao."

Atuganile naye aliacha kopo lenye noti. Safari iliyofuata akakabidhiwa kopo lake ngazini, watu wakitazama. Akalifunua, akakuta maharage. Sokoni kwao, anayekimbilia kukurudishia ulichompa amekukataa.

"Nilikupa kwa moyo, wewe unanilipa? Hela yangu ina kasoro gani?" Akalibwaga kopo, akaenda kwa Steven, msimamizi mpya wa huduma, aliyekuja na habari za kupunguza wafanyakazi. Steven akaliona jambo kwa jicho lake: mhudumu anawategea abiria chambo. Akamwambia Felisian akae nyumbani, meli ikirudi aje achukue jibu.

Kristiana alimsihi asiondoke na makopo. "Yamekuchoma, bado unayabeba?"

"Kama nafukuzwa, nifukuzwe sidaiwi vyombo vya watu."

Lori linasimama Matai, watu wanateremka kunywa chai. Felisian anafungua kiroba. Mayunga anapewa lake. Mzee Mboje, mfugaji aliyeshukuru kwa maziwa siku Felisian alipombebea mjukuu mgonjwa, anapewa kibuyu chake, kimejaa ulezi. Hata dereva ana lake. Atuganile anatazama, chai inapoa mkononi.

"Kumbe wote?"

"Wote, mama Jafeti."

"Mimi nilidhani ni mimi tu."

"Nikuchague wewe umenikosea nini? La kwako lipo. Nililiokota nikaliosha." Anamtolea kwa mikono miwili.

"Mama, kama hulitaki lete huku," anadakia Mayunga, chapati mdomoni.

"Koma, wewe mtoto! Ni langu hili."

Na analipokea kwa mikono miwili.

Walipofika Kasanga, Atuganile hakungoja mizigo yake ishushwe. Alimfuata Steven na kopo kifuani, Mayunga nyuma yake, Mzee Mboje na kibuyu nyuma ya Mayunga. "Baba, nilisema vibaya," akamwambia. "Huyu hategi mtu, anashukuru. Mkimtoa, nani humo ndani atatujua majina?" Steven alilifunua kopo, akauliza kama hayo maharage yanaiva haraka.

Mwisho wa safari hiyo ya meli Atuganile alimpa Felisian noti mkononi. "Leo hakuna chombo. Utarudisha nini?" Felisian aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

Felisian alibaki kazini, na anataka kubaki mpaka Epifania amalize kidato cha nne. Msugua mashine alipunguzwa. Sahani ya jikoni bado inamtengea fungu, anakuja kulichukua meli ikipita kwao. Makopo yamepigwa marufuku ngazini, yanakabidhiwa nchi kavu. Steven alihamishiwa kwingine, akaondoka na kopo moja. Mzee Mboje amerudi kwenye ng'ombe zake Mtowisa. Mayunga hajarudisha kitu. Atuganile sasa ananunua maharage ya Kristiana kwa magunia, anayauza Mbeya.

Kopo lake liko Pito, juu ya rafu. Mara ya mwisho lilikuja na sukari. Kristiana anangoja maharage mapya yakauke.