Kompyuta Aliyoichagua Heriel

Heriel alikuwa mbishi, hilo halina mjadala. Kompyuta yake ya mezani ilipotoa moshi kwa nyuma na kuzima moja kwa moja, hakuuliza bei wala ubora. Alichosema ni kwamba anataka nyingine yenye Windows saba, ileile, na asipigiwe kelele.

Mkewe, Candida, akashika kiuno. Wawili hao waliendesha duka la steshenari karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja: Candida kwenye mashine ya fotokopi, Heriel kwenye kompyuta, akiwaandikia watu barua, wasifu wa kazi na kadi za mialiko.

"Windows saba, Baba Caroline? Watu wanataka kuombewa ajira mtandaoni. Ile yako ilikuwa inagoma hata kufungua ukurasa. Kila siku tunawarudisha wateja, wanaenda kwa jirani."

"Anayetaka barua iliyonyooka anakuja kwangu."

Hapo hakusema uongo. Heriel alisomea kupiga chapa enzi za taipureta. Mteja anasema, yeye anaandika huku anatazama dari, na wapita njia walikuwa wakisimama kumshangaa. Siku hizi aliongeza na mbwembwe. Karatasi ikitoka, anampa Candida: "Msomee mteja, asikie mwenyewe." Candida alisoma kwa madaha, akisahihisha neno hapa na pale, akiamini mumewe anamheshimisha mbele za watu.

Jumamosi wakaenda Kariakoo kwa miguu, Heriel amemshika mkono mkewe. Katikati ya wapagazi na mikokoteni akazidi kuukaza. Candida, maskini, alifurahi. Ilikuwa zamani sana tangu mume wake amshike mkono hadharani, akajiona bibi harusi.

Duka walilolifikia lilikuwa la kijana mmoja mchangamfu, Bushiri, muuza kompyuta za mtumba.

"Shikamooni wazee wangu! Karibuni, mashine zipo za kumwaga."

"Marahaba. Nataka yenye Windows saba," akasema Heriel.

Bushiri akacheka. "Mzee, hiyo imeshazikwa. Hata kumi wenyewe wameitelekeza. Chukua hii, nakupigia Windows kumi na moja sasa hivi, unaondoka nayo. Kama hutaki, kuna Linux, ya bure kabisa."

"Mpangilio utakuwa uleule? Mshale chini, chini, kulia, nabonyeza, inafunguka sehemu ya kuandika. Itakuwa hivyohivyo?" Vidole vyake vilikuwa vikigonga kaunta.

"Hapana, vitu vimehamahama kidogo. Ila siku mbili tu unazoea mzee wangu. Si unaangalia tu?"

Bushiri akapanga vioo viwili juu ya kaunta. "Basi chagua kioo kwanza. Kikubwa au kidogo?"

Heriel akainama mbele ya kile kikubwa, akakunja uso kitaalamu, akakitazama kwa muda.

"Hiki," akasema. "Maandishi yake yanasomeka vizuri."

Kioo kilikuwa cheusi tii. Hakijawashwa, na waya wake ulikuwa bado umefungwa kwa rababendi.

Bushiri alifungua mdomo acheke, akidhani ni utani. Akamwona Candida, akaufunga.

Candida akaelewa, akaumia. Kumbe kule kukazwa mkono hakukuwa kwa mahaba. Kumbe zile barua hakuwa akimsomea mteja, alikuwa akimsomea Heriel. Pasaka alivaa kitenge kipya, akasuka nywele, na Heriel akamwambia amependeza sana, naye akatembea nalo hilo neno wiki nzima. Sura aliyosifiwa ilikuwa ya zamani.

Na bado ilimbidi achague. Akimnunulia Windows yake ya zamani, ataendelea kukaa pale kwa kukariri, na duka litakufa taratibu na ada ya Caroline chuoni itakufa nalo. Akichukua mpya, anamtoa kwenye kiti chake mwenyewe, kwa mikono yake.

"Weka kumi na moja," akamwambia Bushiri.

"Mama Caroline, nimesema..."

"Nimesikia ulichosema."

Wakati wa kuondoka Bushiri alimnong'oneza: "Mama, zipo programu za kusoma kwa sauti. Ila Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka leo Bandarini. Mzee atateseka." Candida akamshukuru, maana kijana alitaka kusaidia.

Walipofika kwao Ilala, kabla hata ya kuvua viatu, akauliza, "Tangu lini?"

Heriel hakujifanya hajaelewa. "Tangu Kwaresma ya mwaka jana. Presha ya macho. Dokta alisema nimechelewa, yaliyopotea hayarudi. Sasa naona mwanga tu, na vivuli."

"Ulienda peke yako?"

"Nilikwambia nafuata karatasi za fotokopi."

"Mimi ni mkeo, Heriel! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitoa kwenye kompyuta."

Candida alitaka kukataa. Akashindwa, kwa sababu mchana huohuo ndicho alichokifanya.

Jumatatu Heriel aliwahi kukaa mbele ya mashine mpya. Akabonyeza mshale chini, chini, kulia. Kikafunguka kitu asichokitaka. Akarudia. Mashine ikalia. Candida alisimama nyuma yake anajua kabisa pa kubonyeza, na mkono aliounyoosha kumwelekeza akaurudisha. Heriel alirudia mara nyingi, kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Kisha akainuka.

"Kaa wewe," akasema.

Akapapasa ukuta mpaka kwenye benchi la wateja, akakaa. Candida alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, machozi yanamdondoka kwenye kibodi.

Akaingia msichana mgeni pale, Zamda, ana bahasha mkononi, anataka barua ya kuomba kazi. Akamwona Heriel kwenye benchi, akainama kwa heshima.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye unayeanza?"

"Marahaba," Heriel akasema, akinyoosha kola yake. "Tangulia tu, mwanangu. Mimi bado nasubiri."

Zamda akaanza kueleza barua yake. Candida akawa anatafuta herufi mojamoja, kwa kidole kimoja, na Heriel anasikia kila moja ikigongwa.