Ushuhuda wa Tumbo

Mpaka leo mtu akiniambia "Mungu ana makusudi yake" natamani kumfunga mdomo kwa kitenge. Simkatai Mungu, la. Nilizaliwa Goma kwa wazazi wakimbizi, nikarudi kwetu Rwanda, mjini Gisenyi, mtu mzima, imani yangu mkononi. Lakini neno hilo nililitumia vibaya, mimi mwenyewe, tena kwa sauti kubwa.

Ilikuwa miaka ile waasi walipokuwa wakivizia magari kwenye barabara ya Ruhengeri. Mume wangu alikuwa karani wa forodha pale mpakani, Grande Barrière. Asubuhi moja ofisi ikamtuma Kigali. Alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha taksi tumbo lilipomkata, akashuka amejikunja. Kiti chake akakikalia mume wa jirani yetu wa mtaani Mbugangari, aliyekuwa akisubiri nafasi tangu alfajiri ili akamwone mama yake hospitalini. Gari lile halikufika.

Jumapili nikasimama kushuhudia. Kanisani kwetu wafiwa hukalishwa benchi la mbele, na anayeshuhudia husimama papo hapo, akiwaelekea. Jirani yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, kajitanda kitenge cheusi. Nikatazama juu ya kichwa chake. Nikasema Mungu ni mwenye enzi, ametumia tumbo la mume wangu kumficha na mauti. Watu wakacheka, wakapiga makofi, kwaya ikaitikia. Jamani, nilijisikia vizuri! Aibu sikuwa nayo hata chembe.

Mlangoni akanishika mkono.

"Dada, ile tumbo ya bwana, mulishaipeleka kwa muganga wa hospitali?"

Mimi nikadhani ni wivu: mjane huyu anamtakia mume wangu mabaya. Nikauchomoa mkono wangu.

"Shindwa, katika jina la Yesu!"

Watu walisikia. Akaenda zake polepole, na tangu siku hiyo tulipitana sokoni kama watu ambao hawajawahi kuuza samaki wa sambaza kwenye beseni moja.

Tumbo likarudi. Kila liliporudi nilimwambia mume wangu, "Si ndilo lililokuokoa hilo?" Ugonjwa tuliupa heshima kama mgeni! Alipotaka kwenda hospitali nilimwambia atamvunjia Mungu ushuhuda wake. Naye, maskini, akanisikiliza. Akakonda mpaka mkanda ukatobolewa matundu mapya mara tatu. Siku tulipofika kwa daktari, daktari alimbonyeza kidogo tu, akanigeukia mimi.

"Mulikuwa wapi?"

Mume wangu alikufa kabla hatujavuna maharagwe ya shamba letu la Nyakiriba.

Kaburini mchungaji akasema Mungu ana makusudi yake. Nikasaga meno. Kusudi lipi? La kumtoa ndani ya gari ili nije nimmalizie mimi nyumbani? Nilitaka kumwuliza hivyo mbele ya watu wote, ila nikaokota bonge la udongo, nikalitupa shimoni.

Jumapili iliyofuata ikawa zamu yangu ya benchi la mbele. Mama mmoja akasimama kushukuru, mtoto wake amepona malaria. Naye alitazama juu ya kichwa changu. Nikakodolea macho viatu vyake. Hapo mtu akaja kuketi karibu nami, ingawa siku zake za benchi lile zilikwisha zamani. Alikuwa jirani yangu. Akaniuliza kama nimekula, nikatikisa kichwa.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamnong'oneza, "Ile siku pale mlangoni, ulijua?"

"Mama mukwe alianzaka vile," akasema. "Ni yeye bwana yangu alikuwa anaenda kuona."

Kwaya ikaanza. Kanisa zima likasimama, sisi wawili tukabaki tumekaa.

Miaka yote ile nilikuwa namwomba Mungu aseme nami. Kama alisema, basi alisema pale mlangoni, na mimi nikamwambia ashindwe, kwa jina la mwanawe.