Gundi Inayoshika Zege

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya uhandisi nilirudi nyumbani Bashay na kazi moja kichwani: kuchagua modeli ya kompyuta itakayoonyesha jinsi zege linavyovunjika. Nilishaamua kuliunda kwa chembe nyingi, kama goroli zilizobanana na kushikanishwa kwa gundi. Kilichonisumbua ni gundi yenyewe. Modeli ya kwanza ilizishika goroli kwenye nukta tu, zikaweza kujiviringisha. Ya pili, nzito zaidi kwa kompyuta, ilikuwa na gundi pana iliyozuia hata kuviringika.

"Usikisie," mwalimu wangu aliniambia kwenye simu. "Vunja zege la kweli, kisha ulinganishe."

Bahati nzuri baba alikuwa anajenga birika la kunyweshea ng'ombe. Niliomba zege lililobaki, nikatengeneza mihimili midogo. Ilipokauka vizuri, niliulaza mmoja juu ya matofali mawili, nikaning'iniza ndoo katikati. Dada yangu akawa anamimina maji, mimi narekodi kwa simu.

"Mbona hakuna kitu?" akauliza.

"Endelea tu."

Mhimili haukupinda hata kidogo. Halafu, paa! Ukakatika, ndoo ikaanguka, maji yakamlowesha dada kanga nzima. Tulipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni mbio akidhani mtu ameumia. Nilimwonyesha vipande: ufa ulikuwa umepindapinda, ukizikwepa kokoto.

Nilikimbilia kompyuta. Kwenye modeli ya kwanza mhimili ulilegea taratibu, vijiufa vikatapakaa kila mahali. Nikaendesha ya pili. Kimya. Kimya. Kisha ufa mmoja ukachomoza chini, ukapanda ghafla hadi juu, ukikwepa chembe kubwa.

"Mama, njoo uone!"

Akasogeza kipande cha zege karibu na kioo. "Umepita palepale?"

"Siyo palepale, ila tabia ndiyo hiyohiyo!"

Nilimpigia mwalimu nikihema. "Shikamoo, mwalimu. Nachukua gundi pana!"

"Marahaba. Kwa nini?"

Nilieleza kwa kasi hadi akaniomba nianze upya. Dada akaninyang'anya simu. "Shikamoo. Mimi ndiye niliyeuvunja mhimili!"

Mwalimu akacheka sana. "Basi vunjeni na mingine, tuone kama modeli itakubaliana nayo."

Dada alishafika bombani na ndoo.