Shati Ndani ya Tanuri la Baruti

"Shati! Umeanika shati ndani ya tanuri la baruti?"

"Lilikuwa limelowa, mke wangu. Mvua haichagui mtu."

"Na akili nayo ililowa?"

Mpima baruti akaegemea ukuta kama gunia lililomwagwa nusu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiipika baruti bila kuionja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kule chini ya visima virefu vya mafuta, baruti inakoshushwa kupasua mwamba, ardhi ni jiko, na baruti ya kawaida ikifika huko hulipuka kabla haijaamriwa. Basi ile ya kuvumilia moto hukaa kwanza tanurini siku kumi mfululizo, mlango haufunguliwi, kisha hupimwa kwenye mizani. Isipopungua hata chembe, hupigiwa muhuri. Joto la chumba kile lilikuwa joto hasa: nzi wakiingia walivua mbawa wakatembea kwa miguu, na nyusi za mpima zilihama mwaka wa kwanza, hazijarudi hata kusalimia.

"Nilifungua siku ya nane," akasema. "Kidogo tu. Lakini moto ulishuka, siku kumi zikakatika."

"Na muhuri?"

"Nimepiga."

Mkewe akakaa kitako. "Na masanduku ya baruti hiyo anakwenda kuyashusha kisimani nani?"

Jibu lilikuwa mume wa binti yao.

"Pengine haina neno," mpima akanong'ona. "Baruti ile ngumu kama mama yako."

"Mama yangu mwache alikolala. Nenda kamwambie mkuu wako, leo hii."

"Wataniambia nianze siku kumi upya. Nimechoka, bibi wee. Hata uchovu wangu umechoka. Bado wiki mbili nistaafu, nao watanitoa kwa aibu, vijana wakinicheka hadi getini."

"Aibu utaizoea. Mwanangu akiwa mjane, hilo utalizoea? Nenda, au naenda mimi na ndala hizi hizi."

Mpima akainama kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Hodi humu!" Mkwe akaingia, mkoba begani, meno yote nje. "Shikamooni, wazazi. Gari linaningoja, masanduku tumeshapakia. Nimeona muhuri wako, baba, moyo ukatulia. Nimepita kuaga tu... Mbona mmenyamaza?"

Akanyoosha mkono aage. Mpima akaushika kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia.