Balozi wa Hewa Safi

Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza alivuta sigara tangu ujana wake, mpaka nguo alizoshona zikawa zinajulikana kwa harufu. Mtu akipita na suruali mpya, watu walinusa tu wakajua imetoka kwa nani. Mkewe alimvumilia sebuleni, kisha akamhamishia barazani, mwisho akamsukuma hadi ngazini, karibu na pipa la taka.

Siku moja kikohozi kikamkaba huku cherehani ikiwa imekolea mwendo, akashona kidole chake pamoja na mkono wa shati la bwana harusi. Hapo akaapa. Na kweli akaacha: pakiti akaitupa, kiberiti akampa mkewe akitumie jikoni.

Habari zikafika kituo cha afya, ambako walikuwa wanatafuta mtu wa kuigwa. Bwana afya akaja mwenyewe, akamsikiliza kifua, akamvika kofia nyeupe na kumtawaza Balozi wa Hewa Safi. Tangu hapo mtaa haukukalika. Kinyozi alikemewa, muuza mkaa alikemewa, hata jirani aliyeunguza chakula aliambiwa aheshimu mapafu ya wenzake.

Jambo moja tu Balozi hakulitangaza. Hamu ilikuwa inamtafuna. Mama yake mzazi, aliyelala chumba cha nyuma, alikuwa mtu wa ugoro tangu zamani, na kopo lake alilificha chini ya mto. Balozi akaanza kuchota kidogokidogo na kubana chini ya mdomo. "Huu hauna moshi," alijituliza, "na mimi ni balozi wa hewa."

Binti yake naye, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na kisigara cha umeme kinachotoa mvuke wa stroberi. Baba akiingia nyumbani huvuta pumzi ndefu na kusema, "Angalau humu kuna mtu anayejua manukato."

"Asante, baba," binti huitikia.

Siku ya mkutano wa kupinga sigara, ukumbi wa kituo ulifurika. Balozi aliitwa mbele akiwa na donge la ugoro mdomoni, hajapata pa kutema.

"Ndugu zangu," akaanza, "mwili wangu sasa ni safi..."

Mate yakamjaa. Akameza. Akameza tena. Ukumbi ukaanza kumzunguka, jasho likamtiririka, kofia ikadondoka, naye akaifuata chini.

Bwana afya hakuipoteza nafasi ile. Akanyakua kipaza sauti. "Mnaona wenyewe! Hiyo ndiyo sumu ya miaka yote inamtoka!"

Watu wakapiga makofi hadi viganja vikawasha.

Walimrudisha nyumbani akitapika njia nzima. Mama yake akamwinamia, akamnusa mdomo.

"Wewe mtoto! Na mimi siku zote nalaumu panya."

"Mama, taratibu, watu watasikia."

"Wasikie! Panya angenibakishia japo cha kunusa."

Mkewe akamtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, kisha akamgeukia binti mlangoni, aliyekuwa amefunikwa na kiwingu cha stroberi. "Kumbe humu ndani," alisema, "mgeni ni mimi."

Asubuhi akaenda kituoni. Akaeleza kwamba mumewe hajiwezi, ila yeye yuko tayari kusema badala yake, maana ndoa yake nzima ameishi ndani ya moshi wa mtu mwingine.

Bwana afya akafurahi, akashika kalamu. "Vizuri sana, shemeji. Wewe uliacha lini?"

"Sikuwahi kuanza."

Kalamu ikarudi mezani. "Hapo sasa ndipo penye shida. Watu wanataka ushuhuda, shemeji. Mtu asiye na cha kuacha nitampandishaje jukwaani?"

Basi mume akabaki na cheo chake. Ugoro aliuacha, si kwa ajili ya afya, ni kwa kumwogopa mama. Alipoalikwa mtaa wa pili, bwana afya alimsihi jambo moja tu: maneno apunguze akitaka, ila pale pa kuanguka asiparuke.