Kilio Kisichokuwa Chetu

Siku ile kwaya yetu ya wazee iliposhuka botini Bukavu, wenzangu wakaniambia, wewe uliyesoma hapa utuongoze, nilipaswa kukataa. Nikajibu, "Hakuna shida, huu muji uko mukononi mwangu," na mpaka leo nikikumbuka jibu hilo natamani kuingia chini ya kitanda.

Tulitoka Goma kwa matembezi tu, boti ingerudi alasiri. Wengine walitaka kutembea mji wa zamani kwa miguu, lakini mke wangu, Maman Furaha, alitaka kitu kimoja: nyumba moja ya mtaa wa Nyalukemba, kando ya ziwa, ambako baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji na yeye mwenyewe akazaliwa katika chumba cha nyuma ya jiko. Hakuwa ameiona tangu usichana wake. Akanishika mkono: "Papa Furaha, tuanzie kule, mengine nyuma." Nikamwambia asiwe na haraka (mwanaume aliyepewa uongozi masikio yake huziba).

Basi nikawapandisha mlima, na kwa kweli mji ulinipa haki ya kujivuna. Zile nyumba za zamani zenye baraza za mviringo kama mbele ya meli, madirisha ya duara, ngazi za mawe! Plasta imebanduka, chini ya baraza watu wanachoma mahindi, lakini nyumba zimesimama kwa heshima kama maman mzee aliyefunga vizuri kitenge chake kilichopauka, na kila penye nafasi kati ya ukuta na ukuta ziwa linachungulia, la buluu, kama linatufuata.

Tatizo likawa miguu. Papa Deo, sauti yetu ya nne, akauliza, "Muongozi, mu huu muji wako hamuna kiti?" Wakacheka, nami nikaonyesha nyumba nzuri kuliko zote, mlango wazi, viti vimepangwa chini ya turubai, nikasema hapo ni kwa rafiki yangu wa shule (nilidhani hivyo, shuleni sote tulikuwa na marafiki wa nyumba kubwa). Dada mmoja mlangoni akauliza kama tunatoka Goma. Nikasema ndiyo. Na boti? Ndiyo, ya leo. Akageuka akatangaza kwamba watu wa Goma wamefika, na wamama ndani wakaanza kulia.

Kumbe palikuwa na kilio, wamefiwa. Walikuwa wakingojea wakwe zao wapya wa Goma, ambao hawajawaona bado. Ningesema pale pale, lakini mzee mmoja alikuwa ameshanikumbatia, machozi yake shingoni mwangu, na nyuma yangu wenzangu walikuwa wameshakaa. Maman Furaha akaninong'oneza, "Sema sasa." Nikamjibu tupumzike kwanza.

Kisha wakaniomba neno. Picha ya marehemu ilikuwa mezani, lakini miwani niliiacha botini, niliona maua tu. Nikasimama, nikamsifu muzee wetu, jinsi alivyompenda mke wake, alivyowalea watoto wake kama baba wa kweli. Yule mzee akasema polepole, "Papa, aliyekufa ni muke wangu."

Papa Deo ndiye aliyeniokoa: akaanzisha wimbo, kwaya ikaingia, na hatujawahi kuimba vizuri vile. Wenyeji wakajibu kwa lugha yao ya Mashi, mfiwa akaomba wimbo mwingine, na mwingine, na nani atamnyima mfiwa? Tulikuwa bado tunaimba wakwe wenyewe walipoingia na shada la maua, wakatukuta juu ya viti vyao.

Nikakiri yote. Mfiwa akaniangalia sana. "Mulikosea nyumba," akasema, "lakini mulilia na sisi. Mukule kwanza." Hao ndio watu wa Bukavu. Tukala ugali wa fufu na visamaki vya sambaza, vichwa chini, na tonge la mwisho halijashuka honi ya boti ikalia.

Tulishuka mlima mbiombio. Kwenye kona moja Maman Furaha akasimama, akaonyesha mapaa kati ya miti. "Ni kule," akasema. Akaangalia kidogo, akaendelea kushuka.

Papa Deo ananiita "muzee wetu" mpaka leo, na mimi siongozi tena mtu, hata kwenda sokoni. Kuchekwa nimekuzoea. Lakini mwaka uliofuata magoti ya mke wangu yalikataa ngazi za boti, halafu tukasikia ile nyumba imebomolewa, wamejenga ghorofa. Mke wangu hakuiona tena nyumba alimozaliwa, na hataiona.