Upekuzi wa Fleti Nambari Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana, nikatoka Mambrui kwa basi la asubuhi hadi Malindi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilidhani nimeajiriwa kupiga chapa. Wakili, bwana mrefu mwenye sauti ya chini, alinipa hatimiliki ya shamba moja la Sabaki, akaniambia niisome kisha nimweleze nimeona nini. Nikamwambia nimeona jina la mwenye shamba.

"Hilo hata mwenyewe analijua," akasema. "Geuza nyuma."

Nyuma palikuwa na mistari miwili ya wino. Shamba lile lilikuwa rehani, yaani limewekwa benki kuwa dhamana ya mkopo, na chini ya rehani pameandikwa zuio, amri ya kukataza lisiuzwe mpaka kesi ya ndugu wawili imalizike. Sikupiga chapa siku ile. Nilisoma migongo ya hati hadi saa kumi alasiri, na nilirudi kwetu nimevishika viatu mkononi, nacheka peke yangu njiani.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa tawi letu la Kilifi, chini ya Karani Mkuu, Mzee Charo, Mgiriama wa Kaloleni aliyejulikana na kila tarishi wa ofisi ya ardhi. Yeye ndiye aliyenifundisha upekuzi: kwenda kwenye ofisi hiyo, kuomba kufunguliwa daftari la kiwanja au nyumba, na kunakili kila kilichoandikwa humo kabla mteja hajatoa pesa yake. Kwa nyumba ya mnada alikuwa mkali zaidi.

"Nyundo ya dalali ikishagonga, mwanangu, mnunuzi ameoa," alikuwa akisema. "Na talaka yake ni ghali. Maswali yetu yaishe kabla."

Basi tuliuliza. Je, benki ilimpa mdaiwa notisi yake, na muda wake umekwisha? Baraza la mji linadai kodi? Na ikiwa ni fleti, mambo yanazidi, kwa sababu mwenye fleti hamiliki ardhi iliyo chini yake. Anachonunua ni mkataba wa kukaa miaka mingi, wenye ramani nyuma yake, na mwenye kiwanja sharti aridhie mkataba huo kuhamia kwa mtu mwingine. Tukishamaliza karatasi zote, Mzee Charo alinituma kwenye nyumba yenyewe. "Daftari halijui nani anapika humo," alisema. Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa kuwatembeza vijana juani.

Niliporudishwa Malindi, nyumba za orofa zilikuwa zikiota kila upande. Ndipo akaja ofisini Mwalimu Kahindi wa Gede. Mkewe alikuwa muuguzi mjini, akisafiri kila siku, na Mwalimu alikuwa ameona tangazo la mnada wa fleti nambari tano katika jengo moja karibu na kazini kwa mkewe. Alikuwa amekwishaitazama. Ilikuwa orofa ya juu, yenye upepo mzuri.

"Ila kuna mama mmoja humo ndani," akasema, akishikashika ukingo wa meza. "Mjane. Nimeona haya hata kumuuliza atakwenda wapi."

Wakili alinikabidhi faili. Hati za Malindi za aina ile zilikuwa zikiwekwa Mombasa, na siku hizo Kilifi haikuwa na daraja. Tulivuka kwa feri, tukinunua korosho kwa wauzaji wa pale kivukoni. Daftarini niliona kwamba fleti nambari tano ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyekwishahama nchi. Alikuwa ameiweka rehani, hakulipa, na benki ilikuwa imefuata sheria. Sikuona zuio. Nikanakili yote, pamoja na ramani. Lakini njia nzima ya kurudi nilijiuliza: ikiwa mwenyewe amehama, yule mjane ni nani? Mpangaji? Mpangaji naye ana haki zake, na mnunuzi humrithi pamoja na nyumba.

Kesho yake nilikwenda. Juu ya ngazi palikuwa na milango miwili inayotazamana. Wa nambari sita ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kwenye nambari tano ilibandikwa notisi ya mnada. Nikabisha hodi, akafungua mama wa makamo, mikono ina unga, na harufu ya iliki ikatoka naye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama? Ingia. Kila mtu ameshaitazama."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Alikuwa akipika mikate ya sinia na kuiuza madukani. Nusu ya vyombo vyake ilikuwa imefungwa tayari kwenye makapu. Nikamuuliza kama amepanga.

"Sikupanga. Marehemu mume wangu aliinunua kwa pesa yake, au ndivyo alivyoniambia. Kumbe alikwenda benki nyuma ya mgongo wangu."

"Umekwenda kuwauliza?"

"Nikaulize nini? Nipewe ushahidi kwamba alinificha? Miaka ishirini na sita nimekaa naye. Afadhali nihame nikiwa na shaka."

Nikatoa ramani ili nimalize kazi niondoke. Ilionyesha kwamba ukiingia fleti nambari tano, jiko liko mkono wa kushoto. Nikainua macho. Jiko la Bi Zuhura lilikuwa kulia. Nikatoka nje ya mlango, nikaingia tena, kama mtu aliyesahau njia. Kulia.

"Bibi," nikasema, "hati yenu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imezongwa kwa kanga, na haikuwa imefunguliwa tangu msiba. Hilo peke yake lilikuwa dalili njema, kwani benki ikikopesha huishika hati asili. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisoma. Nikaifungua. Fleti nambari sita. Fundi wa rangi alikuwa amezibadilisha nambari za milango ile miwili, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali, maana barua hazikuletwa milangoni. Kisha nikasoma wenye mali, nikasita.

"Bibi, wewe ni binti nani?"

"Omari."

"Basi jina lako limo humu. Nyumba hii ni yenu wawili, wewe na yeye."

Akaketi juu ya gunia la unga. "Soma tena," akasema. Nilisoma mara tatu. Alicheka huku machozi yakimtoka, akajifuta, akajipaka unga uso mzima, na mimi nikacheka pia, ingawa haikuwa adabu.

Hata hivyo sikumwambia afungue makapu. Karatasi ya sandukuni si daftari. Nilimwomba anivumilie, nikarudi Mombasa kesho yake, nikaomba daftari la nambari sita. Lilikuwa safi, halina rehani wala zuio. Ndipo nikaingia kwa Wakili.

Alisikiliza hadi mwisho, uso mkavu. "Wewe ulitumwa na mnunuzi, au na yule bibi?"

"Na mnunuzi, bwana. Lakini akinunua tano akahamia sita, atakayeshtakiwa ni yeye."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akamwita dalali, bwana mnene mwenye sauti ya kusikika sokoni. Tulipanda ngazi pamoja. Dalali alitazama ramani, akatazama jiko, akabandua notisi kwa mkono wake mwenyewe, akavua kofia.

"Nisamehe, Bi Zuhura. Nilisoma mlango, sikusoma karatasi."

"Ukae unywe chai," Bi Zuhura akamwambia. "Umechoka na ngazi."

Mnada uliahirishwa ili notisi ibandikwe panapostahili. Fleti yenye kufuli ilipofunguliwa, njiwa waliruka kutoka jikoni, na Mwalimu Kahindi akaingiwa na huzuni. "Mimi nilipenda ile yenye upepo," akaninong'oneza. Mkewe alikuwa ameshafika dirishani. "Kazini kwangu ni pale," akasema. "Upepo utaufuata kwa jirani." Wakashindania nyumba ile na watu wawili, na nyundo ikagonga kwao. Siku walipohamia, sinia la kwanza la mkate lilitoka mlango wa pili.

Nilifanya kazi ile mpaka nywele zikanigeuka mvi. Nilirudi Kilifi nikiwa Karani Mkuu, katika kiti cha Mzee Charo, na sasa nimestaafu nyumbani Mambrui. Vijana wa leo hupekua kwa kompyuta bila kuvuka maji, nami nawafurahia. Wakija kuniuliza, nawaambia jambo moja tu: mkimaliza kompyuta, vaeni viatu vinavyowatosha, mwende mkabishe hodi.

Wao hutaka kujua kesi kubwa nilizoziona. Mimi huwasimulia siku niliyomkuta Bi Zuhura sokoni, miezi kadhaa baada ya mnada. Alinishika mkono, akanivuta kando.

"Tangu notisi ile ibandikwe sikumwombea mume wangu dua hata mara moja," akasema. "Sasa naanza na yeye, kisha wazazi wangu. Wao watanielewa. Yeye ndiye niliyemdhania vibaya, na alikuwa ameniandika."